Laini ya Kwanza na ya Pili: Mitandao ya Simu Mbele ya Mteja wa Upareni

Ukiuliza stendi ya Same mtandao upi ni bora, jiandae kuulizwa wewe kwanza: unakwenda wapi? Anayebaki mjini, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha, anaweza kuchagua kampuni kwa bei ya bando. Anayepanda Vudee, Chome, Mbaga au Mamba hana nafasi hiyo. Huko kampuni inayosifiwa upande mmoja wa kilima yaweza isisome kabisa upande wa pili, na ubishi wa "Voda ni bora" au "Airtel ni bora" hauna maana mpaka kijiji kitajwe.

Chanzo ni milima yenyewe. Shengena, kilele cha Pare Kusini, ina mita 2,462, na vijiji vimetawanyika kwenye mabonde na miteremko chini yake. Mnara unaohudumia vizuri tambarare ya Makanya hauna msaada kwa nyumba zilizo nyuma ya mwamba. Masafa ya megahezi 700, ambayo Vodacom ilikuwa miongoni mwa walioyashinda kwenye mnada wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) mwaka 2018, husafiri mbali zaidi, lakini nayo hayatoboi mlima. Inabidi minara iongezwe, na mnara wa mlimani ni gharama tupu: njia ya kupandishia vyuma, umeme, ulinzi, kisha wateja wachache wanaonunua vocha ndogondogo.

Hapo ndipo Serikali huingia na ruzuku kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Mei 2023, mjini Dodoma, ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713 nchini. Tigo ilichukua 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104 na Halotel 34. Mgawo huo una uzito kuliko mabango yote ya barabarani, kwa sababu kwenye kata isiyo na mnara mwingine, aliyejenga ndiye mshindi, apendwe asipendwe.

Kitaifa Vodacom, iliyoanza mwaka 2000, inaongoza kwa idadi ya laini. Airtel na Yas wanaifuata kwa karibu, Halotel ni ya nne, TTCL iko mkiani. Halotel ndiyo mgeni wa kundi hili. Iliingia Oktoba 2015 kwa mtaji wa Viettel ya Vietnam, ikitangaza tangu mwanzo kwamba inafuata vijiji, na ikawalazimisha wakubwa kutazama mahali walipokuwa wamepasahau. Yas ni Tigo iliyobadilishwa jina Novemba 2024. Tigo Pesa nayo sasa inaitwa Mixx by Yas, jina ambalo sioni bibi wa Gonja akilitamka kwa raha.

Mteja asiyeridhika anaruhusiwa kuhama na namba yake tangu Machi 2017. Waliofanya hivyo ni wachache mno ukilinganisha na mamilioni ya laini zilizopo. Mtu hahami, anaongeza. Laini ni rahisi kupata, na simu za siku hizi zina nafasi mbili. Jambo hilo Transsion ya China, wenye Tecno, itel na Infinix, walilielewa mapema kuliko washindani wao, wakaliuza Afrika pamoja na betri inayodumu na bei ya chini. Sifa hizo tatu ndizo zinazotajwa, na lawama pia zinajulikana: simu ya bei nafuu hujaa haraka, na baada ya muda huwa nzito. Samsung na iPhone zina heshima yake, lakini kwenye nyumba inayotegemea sola, kiswaswadu cha itel kinachokaa na chaji siku kadhaa hakijapata mpinzani.

Kwa hiyo maoni ya kweli ya mteja hayako mdomoni, yako kwenye mpangilio wa laini zake. Ya pili ni ya bando, nayo hubadilishwa bila huruma. Ya kwanza ni ya pesa. Hapo M-Pesa ya Vodacom, iliyoanza nchini mwaka 2008, bado inavuna faida ya kutangulia: namba imeshasambaa kwa ndugu walioko Dar es Salaam, historia ya mikopo midogo iko humo, na vikundi vya kuweka akiba vinaweza kutumia M-Koba. Tangu kampuni ziruhusu kutumiana pesa mtandao hadi mtandao, ambapo Vodacom ilijiunga mwaka 2016 baada ya wenzake, ukuta umepungua. Haujaanguka.

Kinachowaudhi wateja kinafanana kotekote. Kwanza ni bando. Aprili 2021 vifurushi vipya vilizua kelele kubwa hata Serikali ikavisitisha, na hadi leo ukitaja MB kuisha kabla ya wakati hukosi wa kukuunga mkono. Pili ni makato. Tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021 iliwarudisha wengi kwenye noti mkononi. Ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, kisha ikaendelea kushushwa, lakini tabia ya kukwepa makato ilikwisha kuota. Tatu ni meseji za matapeli, zile za "ile hela tuma kwenye namba hii", ambazo usajili wa laini kwa alama za vidole haukuzimaliza.

Mlimani kuna la nne, nalo halizungumzwi vya kutosha: wakala asiye na fedha taslimu. Msimu wa tangawizi unapofika Mamba Miamba, malipo huingia kwenye simu kwa wakati mmoja na kila mtu anataka kutoa. Wakala hawezi kuchapisha noti, na benki iko mbali. Siku hiyo ubora wa mnara haumsaidii mkulima. Kwa maoni yangu, vita ya laini ya kwanza Upareni itaamuliwa na mtaji wa mawakala kuliko kasi ya intaneti, na kampuni zinazotangaza 5G zingefanya vyema kuanza na hilo.

TCRA nayo ina kazi. Vipimo vyake vya ubora wa huduma vishushwe hadi ngazi ya kata, vibandikwe kwenye ofisi za watendaji, ili mtu wa Bombo ajue kabla ya kutoa pesa yake kampuni ipi inasoma Bombo.