Selimundu: Mtoto hurithi kwa baba na mama, si upande mmoja

KATIKA vijiji vya Milima ya Uluguru, mtoto huhesabiwa upande wa mama. Ndivyo Waluguru walivyopanga koo zao tangu enzi za mababu. Lakini upo urithi mmoja usiofuata mpango huo. Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, haumpati mtoto mpaka baba na mama wote wawili wachangie.

Jambo hili lina uzito ndani ya nyumba. Mtoto anapougua kila mara, mikono na miguu ikavimba, macho yakawa ya njano na damu ikapungua, mara nyingi mama ndiye anayeulizwa kwanza, "Kwenu kuna nini?" Wengine husema amerogwa. Ndoa huvunjika, na mtoto huchelewa kufikishwa hospitali.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Makadirio ni takriban watoto 11,000 kila mwaka.

Mmoja wa watafiti waliojitoa kuufahamu ugonjwa huu ni Profesa Julie Makani wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 2004, yeye na wenzake waliwaandikisha wagonjwa na kuwafuatilia mmoja mmoja, mwaka hadi mwaka. Mwaka 2011 alipewa tuzo ya Royal Society Pfizer ya Uingereza kwa kazi hiyo.

Mwaka huohuo walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,725 walioandikishwa hadi mwaka 2009. Katika wagonjwa wa rika zote, kwa kila 100 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja, walifariki takriban 2. Kwa watoto wa chini ya miaka 5, walifariki takriban 7. Hao ni watoto ambao tayari walikuwa wanahudhuria kliniki. Kwa mzazi, maana yake ni kwamba miaka 5 ya mwanzo ndiyo ya hatari zaidi, na ndiyo inayotaka uangalizi wa karibu.

Urithi huu unakwendaje? Kila mtu hupokea kinasaba kimoja cha hemoglobini kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama. Mwenye kinasaba kimoja tu cha selimundu kwa kawaida haugui. Anaishi, analima na kuzaa bila kujua kuwa anacho. Wazazi wote wawili wakiwa hivyo, katika kila mimba uwezekano ni robo mtoto awe mgonjwa, nusu awe mbebaji kama wazazi wake, na robo asiwe nacho kabisa. Hesabu huanza upya kila mimba. Kuwa na watoto watatu wazima hakumkingi wa nne.

Kinasaba hiki kimedumu kwa sababu ya malaria. Mwaka 1954, Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa wabebaji hupata kinga dhidi ya malaria. Lakini mtoto mwenye ugonjwa wenyewe hana nafuu hiyo. Malaria humpunguzia damu haraka na inaweza kumuua, hivyo alale ndani ya chandarua kila usiku.

Mtoto mchanga huonekana mzima kwa sababu bado ana hemoglobini aliyokuwa nayo tumboni. Hiyo inapopungua, mara nyingi kuanzia miezi 6, dalili hujitokeza. Timu ya Profesa Makani imechunguza vinasaba vinavyofanya hemoglobini hiyo ibaki kwa wingi kwa baadhi ya watu, kwani mwenye nayo nyingi hupata nafuu. Dawa ya haidroksiyurea, ambayo daktari huwaandikia baadhi ya wagonjwa, husaidia kuiongeza.

Nyumbani, mtoto apewe penisilini ya kinga kama daktari alivyoelekeza, asikose chanjo ya nimonia, na anywe maji mara kwa mara. Baridi huamsha maumivu. Kwa wanaoishi juu, kama Mgeta, sweta na soksi asubuhi ni sehemu ya matibabu, na mtoto asioge maji ya baridi. Homa, weupe wa ghafla viganjani na kwenye ulimi, kupumua kwa shida au tumbo kuvimba upande wa kushoto lilipo bandama, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, si ya kusubiri gari la mboga la kesho.

Kipimo ni cha damu. Wachumba wanaweza kupima kabla ya ndoa. Kwa waliokwisha kuzaa, baba afuatane na mama kliniki na wote wawili watoe damu. Majibu yakitoka, swali la "kwenu kuna nini" litakuwa limejibiwa, na nguvu zote zielekezwe kwa mtoto.