Kanuni za esteti na haki ya jirani

Miaka hii mji wa Mombasa wazidi kupanda juu. Nyali, Kizingo, Tudor, na hata Buxton palipokuwa na nyumba za zamani za kaunsili, sasa pamesimama maghorofa yaliyozungushiwa ukuta mmoja, yenye geti moja na daftari la wageni. Wengi wa watu wetu waliozaliwa Kibokoni, Kuze na Majengo wamehamia kwenye majumba kama hayo, wengine kwa kununua na wengine kwa kupanga. Nyumba ni nzuri na gari halilali njiani. Lakini pamoja na ufunguo mtu hupewa karatasi, na karatasi hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumza leo.

Ndani yake mna kanuni za kukaa pale. Nguo zisianikwe kwenye roshani inayotazama barabara. Mnyama asichinjwe uwanjani. Hema lisipigwe mahali pa kuegesha magari. Moto wa kuni usiwashwe nje. Kila mgeni aandikishe jina na nambari ya kitambulisho. Ada ya kila mwezi, ya bawabu, pampu, lifti na taka, ilipwe kwa tarehe yake. Kwa kawaida karatasi hii hutiwa sahihi bila ya kusomwa, maana siku ya kuchukua ufunguo mtu ana furaha yake, na ni nani asomaye kurasa chungu nzima za Kiingereza cha mawakili siku ya furaha? Huja ikasomwa siku ya msiba.

Na msiba kwetu hauna subira. Aliyekufa alfajiri huenda akazikwa adhuhuri au alasiri. Hakuna kadi ya mwaliko; habari hupita msikitini na kwenye simu, na kabla ya saa nne watu mia wako mlangoni. Bawabu naye ana daftari lake na kalamu moja. Wazee wasimama juani wakipapasa mifuko kutafuta vitambulisho, mwosha maiti yuko nyuma ya foleni, na akina mama waulizwa nambari ya mlango ambayo hakuna aliyewaambia. Masufuria ya pilau hayana pa kuwekwa. Mikeka haina pa kutandikwa. Wala bawabu hafai kulaumiwa. Aliajiriwa afanye hayo hayo, na miongoni mwa waliomwajiri ni mwenye msiba mwenyewe, ambaye ada yake ndiyo inayolipa mshahara ule.

MTAA ULIKUWA NA SHERIA

Wako wasemao kwamba haya ni mambo ya kizungu, na kwamba katika mitaa yetu ya kale kila mtu aliishi atakavyo. Hilo si kweli. Mwenye kuzijua nyumba za mawe za Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ajua jinsi zilivyojengwa kwa hesabu ya jirani. Mbele pana daka lenye viti vya mawe, ambapo mgeni wa kiume hupokewa pasi na kuingia ndani. Ukivuka mlango wakuta tekani, nayo imewekwa kwa namna ambayo mpita njia hawezi kuwaona watu wa nyumbani. Na panapo nyumba mbili za jamaa zilizotengwa na njia, hujengwa wikio juu ya njia ile, chumba kilicho kama daraja, ili wanawake wapite kutoka nyumba hii hadi ile bila ya kushuka chini. Mtu hakufungua dirisha likatazama ua wa mwenzake akaachwa hivi hivi. Hapakuwa na karatasi wala meneja. Palikuwa na wazee wa mtaa, imamu, na ulimi wa watu, ambao, tuseme kweli, ulikuwa mkali kushinda faini yoyote.

Kanuni hizo zilikuwa na shina lake. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba pasiwe na kudhuru wala kudhuriana, na juu ya neno hilo wanavyuoni walijenga mlango mpana wa fikihi ya majengo: moshi wa tanuri, maji ya mfereji, dirisha, mlango unaokabili mlango. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, jirani amekatazwa kumzuia mwenzake asichomeke boriti katika ukuta wake. Ahmad bin Hanbal alilichukua hilo kuwa ni wajibu. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani yetu, katika kauli yake ya baadaye aliliona kuwa ni jambo la kupendekezwa, maana ukuta una mwenyewe. Basi mabishano ya leo kuhusu roshani ni ya nani na ukuta ni wa nani yalikwisha kupimwa zamani, mali upande mmoja wa mizani na ujirani upande wa pili. Tena wako wanavyuoni waliohesabu ujirani hadi nyumba arubaini kila upande. Katika maghorofa, arubaini ni jengo zima pengine na la pili yake.

Penye tofauti kubwa ni pale kanuni inapoanzia. Mtaani waliuliza kama jambo lamdhuru jirani. Katika esteti, swali la kwanza mara nyingi huwa kama litashusha bei ya nyumba. Chukua kamba ya nguo. Nguo mbichi haimdhuru mtu yeyote, bali yasemekana huharibu sura ya jengo. Huko Marekani, ambako vyama vya wenye nyumba vimeenea sana, ugomvi huu umefika kwa watunga sheria: jimbo la Florida limekataza vyama hivyo kupiga marufuku kamba za nguo, kwa kuwa kuanika ni kutumia nguvu za jua. Kwetu, penye jua la mwaka mzima na stima ya bei ghali, hoja hiyo haihitaji wakili.

Na hofu ya bei ya nyumba si ngeni Mombasa. Enzi za ukoloni serikali ilipiga mnada viwanja mjini humu kwa sharti kwamba Wazungu tu ndio watakaonunua, na kwamba Mwasia au Mwafrika asikae humo ila akiwa mtumishi wa nyumbani. Abdulhusein Kaderbhai alipinga mahakamani, na kesi yake ikavuka bahari hadi kwa majaji wa Baraza la Mfalme huko London. Hukumu, iliyochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1931, iliipa serikali ushindi. Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuyatekeleza masharti ya ubaguzi wa namna hiyo mwaka 1948. Kanuni za esteti za leo hazitaji rangi wala dini ya mtu, na hatusemi kwamba ni sawa na zile. Lakini mzaliwa wa mji huu ana haki ya kuuliza, kila aonapo orodha ndefu ya makatazo, ni nani aliyekusudiwa kuzuiwa.

VITI VITUPU

Sheria ya nchi sasa imempa mwenye nyumba sauti. Zamani mnunuzi wa fleti alipata mkataba wa miaka mingi na hisa katika kampuni ya kusimamia jengo, na mara nyingi mjenzi ndiye aliyebaki na usemi. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo, iliyofuta ile ya 1987, yataka kila fleti iwe na hati yake, na wenye fleti wote wawe shirika moja lenye halmashauri, kanuni, na kamati ya kusuluhisha ugomvi wa ndani. Katiba ya 2010 nayo, katika ibara ya 32, yampa kila mtu haki ya kudhihirisha dini yake kwa ibada na matendo, na ibara ya 20 yasema kwamba haki hizo zawafunga watu wote, si serikali peke yake. Mpangaji ndiye mnyonge; yeye hana budi kumtuma mwenye nyumba wake amsemee.

Sauti hiyo lakini haiji yenyewe. Mikutano ya wenye nyumba ina viti vitupu, na vingi ni vyetu. Wenzetu huhudhuria, hupiga kura, kisha sisi hulalamika barazani kwamba tumeonewa. Na kuna makosa yetu wenyewe ambayo hatupendi kuyataja. Harusi hupigwa vipaza sauti mpaka saa nane za usiku ilhali ghorofa ya chini mna mgonjwa. Siku ya Idi, ngozi na matumbo ya mbuzi huachwa karibu na tangi la maji. Ada hucheleweshwa miezi mitatu, pampu inapozima tukawa wa kwanza kupiga kelele. Jirani asiye Mwislamu akiandika barua ya malalamiko, pengine hakuichukia Idi; amewachukia nzi.

Yanayoweza kuandikwa katika kanuni si mengi wala si ya gharama. Kwamba pakitangazwa kifo, geti liwe wazi bila ya daftari mpaka maiti apelekwe kuzikwa, na bawabu apewe mtu wa familia wa kusimama naye. Kwamba sehemu fulani ya maegesho iachwe kwa mikeka na hema kwa siku tatu za matanga, na mapishi yawe ya gesi. Kwamba kuchinja kufanywe machinjioni, au mahali pamoja penye mfereji, na pawe pameoshwa kabla ya adhuhuri. Kwamba kamba za nguo ziwe juu ya paa, penye pazia la kuwasitiri akina mama. Na kanuni zote zichapishwe kwa Kiswahili pia, tena zibandikwe ngazini, pale mkaazi na bawabu wanapopita kila siku.

Na kabla ya kutoa arubuni, pima lifti. Nyingi hazikufanywa kwa kulaza jeneza. Kutoka ghorofa ya saba maiti hushushwa kwa ngazi, pembe baada ya pembe, na kazi hiyo yataka wanaume sita wenye nguvu. Familia nyingi za siku hizi hazina wanaume sita nyumbani.