Samaki Wakifa Tangini, Chunga Uhai Wako

Baridi ya Mau Narok huwalazimu wafugaji wa samaki wa mapambo kutumia hita ya umeme, kwani wengi wa samaki hao huhitaji maji ya nyuzijoto 24 hadi 27. Stima ikipotea usiku, maji hupoa, pampu ya hewa husimama, na asubuhi huenda ukawakuta samaki wakielea.

Usitie mkono majini upesi. Hita iliyopasuka yaweza kupitisha umeme wa volti 240 hadi kwenye maji. Zima swichi ukutani, chomoa plagi, ndipo uwatoe. Waya nao uning'inie chini ya soketi kabla ya kuifikia, ili matone yadondoke sakafuni.

Wala usilaze jiko la makaa chumbani ili kupasha tangi joto. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu usingizini. Lizungushie tangi blanketi.

Mtoto akilia, usimcheke. Mwambie ukweli, mkamzike samaki pamoja. Mkitaka kufuga tena, chagueni samaki wa dhahabu: huyo huvumilia baridi bila hita.