Meno Mlangoni: Kumtambua Konokono Mla Nyama kwa Gamba Lake

Ukisikia konokono, unamfikiria yule mkubwa anayemaliza mchicha bustanini. Lakini siku ukiwa kwenye misitu ya Usambara, chota majani makavu yaliyolala chini, yachekeche juu ya karatasi nyeupe, halafu tulia. Vile vijigamba vyeupe vyenye ukubwa wa punje ya mchele, usivipulize! Huenda ni Gulella, konokono anayewinda konokono wenzake.

Utamjuaje? Shika lenzi ya mkono.

Kwanza, umbo. Gamba la Gulella ni kama kapipa kadogo, kilele chake butu. Ndugu yake Gonaxis, wa familia hiyohiyo ya Streptaxidae, gamba lake limekwenda upande, kama kofia iliyovaliwa upogo.

Pili, rangi. Gamba bichi lina weupe wa kioo, unaona hadi ndani. Likikaa sana bila mwenyewe, huwa jeupe kama chokaa.

Tatu, na hapa ndipo penye kazi, mlango. Gulella wengi waliokomaa wana vimeno pale konokono anapotokea. Hesabu ni vingapi, kisha angalia vilipo: kona ya juu, ukingo wa nje, chini, au ndani karibu na nguzo ya katikati. Spishi nyingi hutenganishwa kwa hesabu na nafasi hiyo.

Sasa usidanganyike. Vimeno hivyo havitafuni kitu, ni sehemu ya gamba tu. Meno ya kulia nyama yako kwenye radula, yaani utepe ulio ndani ya kinywa. Tena wapo konokono wadogo wasiowinda, kama wa familia ya Vertiginidae, nao wana vimeno mlangoni. Ila wengi wao ni wa kahawia. Ndiyo maana tumeanza na umbo na rangi. Na ukikuta ukingo mwembamba usiokunjuka nje, huenda huyo bado mtoto, vimeno havijaota. Usikimbilie kumpa jina.

Kwa nini tuhangaike hivi? Kwa sababu baadhi ya spishi hizi zimepatikana kwenye msitu mmoja tu. Ukimwita huyu kwa jina la yule, siku msitu ukifyekwa hakuna atakayejua nani ametoweka.