Kofia Ngumu ya Bodaboda: Hiari Isiyo ya Mtu Mmoja

Katika ukanda wa dhahabu unaotoka Kahama na Kakola mkoani Shinyanga hadi Katoro, Nyarugusu na Rwamgasa mkoani Geita, pikipiki ya biashara, maarufu kwa jina la bodaboda, ndiyo inayomfikisha mchimbaji mdogo kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, ndiyo inayobeba viroba vya mawe kupeleka kwenye makarasha, ambayo ni mashine za kusaga mawe hayo, na ndiyo inayomwahisha mama mjamzito zahanati pale gari linapokosekana. Katika safari hizo zote, uvaaji wa kofia ngumu, au helmeti kama inavyoitwa vijiweni, umeachiwa dereva na abiria wake kana kwamba ni jambo la hiari, ingawa matokeo ya hiari hiyo huwaangukia watu wengi ambao hawakuulizwa.

Hali hiyo inashangaza zaidi kwa kuwa inatokea mahali ambapo thamani ya kulinda kichwa inajulikana vizuri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na katika migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu hakuna anayeruhusiwa kuingia eneo la uchimbaji akiwa kichwa wazi. Hata hivyo, mfanyakazi yuleyule akitoka kazini hupanda pikipiki kichwa wazi, au huvaa kofia ya mgodini akiamini kwamba inatosha, ilhali kofia hiyo imetengenezwa kuzuia jiwe linalodondoka kutoka juu, haifuniki masikio wala kisogo ipasavyo, na mara nyingi huchomoka kabla kichwa hakijagusa lami.

Kofia ya pikipiki hufanya kazi kwa namna nyingine. Ndani ya gamba lake gumu kuna tabaka nene la povu gumu jepesi ambalo hubonyea kichwa kinapogonga, likapunguza nguvu ya pigo kabla haijaufikia ubongo, na kwa kuwa povu hilo likishabonyea halirudi hali yake ya awali, kofia iliyokwisha kupata ajali haifai kuvaliwa tena. Chini ya kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa, kofia hujaribiwa kwa kugongeshwa kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, ambao ni sawa na kudondoka kutoka kimo cha karibu mita 3. Mapitio ya tafiti 61 yaliyochapishwa mwaka 2008 na mtandao wa watafiti wa Cochrane yalionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Faida hiyo hupatikana pale tu kofia inapokuwa imara na mkanda wake umefungwa chini ya kidevu.

Sababu za kutoivaa si za kipuuzi, na anayetaka kuwasaidia madereva hana budi kuzisikiliza. Joto la Usukuma wakati wa kiangazi ni kali, kofia inayovaliwa na abiria kumi kwa siku hutia hofu ya mapunye na mba, na mwanamke aliyetoka kusuka nywele huona anaharibiwa kazi aliyoilipia. Juu ya hayo, madereva wengi si wamiliki wa pikipiki wanazoendesha, bali wako kwenye mkataba unaowataka wapeleke hesabu, yaani kiasi maalumu cha fedha, kila siku au kila wiki, hata kofia ya pili inakuwa gharama ambayo hakuna anayekubali kuibeba.

Kwa upande wa sheria, mwendesha pikipiki anatakiwa kuvaa kofia ngumu, na kanuni za mwaka 2010 zilizorasimisha biashara ya bodaboda ziligusa pia usalama wa abiria. Lakini utekelezaji wake ni wa msimu, na mwaka 2021 faini ya kosa moja kwa pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, uamuzi uliowapa nafuu vijana wenye kipato kidogo, lakini ukaifanya adhabu kuwa rahisi kuliko kununua kofia imara.

Hoja ya uhuru wa mtu binafsi imewahi kujadiliwa kwa kina kwingineko. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1966 iliyabana kifedha majimbo yasiyolazimisha kofia, na mwaka 1976 Bunge la nchi hiyo likaondoa kibano hicho baada ya waendesha pikipiki kudai kwamba wenye kuamua juu ya vichwa vyao ni wao wenyewe. Lakini mwaka 1972, katika kesi ya Simon dhidi ya Sargent, mahakama ya shirikisho huko Massachusetts ilikuwa imeikataa hoja hiyo, ikieleza kwamba majeruhi huokotwa na jamii, hutibiwa kwa gharama ya jamii, na akipata ulemavu wa kudumu hutunzwa na jamii.

Hoja ya mahakama hiyo ina uzito mkubwa zaidi Shinyanga na Geita. Majeruhi wa kichwa anayehitaji upasuaji wa ubongo mara nyingi hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, na kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwezi Juni 2025, anayetoka Geita alilazimika kusubiri kivuko. Familia isiyo na bima huuza ng'ombe, ndugu huacha shamba la mpunga au la pamba ili wauguze, na watoto hubaki bila mtu wa kuwalipia mahitaji ya shule. Hao wote hubeba mzigo wa uamuzi ambao hawakushiriki kuufanya, sawa na abiria ambaye hakupewa kofia ya kukubali wala kukataa.

Jirani zetu wa Rwanda wameonyesha kwamba jambo hili linawezekana, kwani mjini Kigali dereva humkabidhi abiria kofia kabla safari haijaanza. Mmiliki wa pikipiki aandike kofia mbili ndani ya mkataba, chama cha madereva cha kila kijiwe kisimamie usafi wa kofia hizo, Shirika la Viwango Tanzania lizuie sokoni kofia zisizo na povu la kutosha, na migodi inayolinda vichwa vya wafanyakazi kazini ihakikishe wanarudi nyumbani wakiwa na kinga hiyohiyo. Abiria naye, kabla ya kupanda, adai kofia yake na afunge mkanda, asipopewa, asipande.