Ziwa Taupo: Kura ya Miaka Mitatu na Maji ya Miaka Themanini

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba uchaguzi wa serikali za mitaa huhusu barabara, masoko na ushuru tu. Nchini New Zealand umehusu pia maji. Mwaka 1989 nchi hiyo ilipanga upya serikali zake za mitaa, na mipaka ya mabaraza ya mikoa ikafuata, kwa sehemu kubwa, mabonde ya mito. Mwaka 1991 sheria ya usimamizi wa maliasili ikayakabidhi mabaraza hayo mamlaka ya kuamua nani ateke maji, na kwa kiasi gani yaweza kuchafuliwa. Hivyo basi, aliyempigia kura diwani wa mkoa alikuwa akiamua pia hali ya mto na ziwa. Uzito wa uamuzi huo tutauona katika Ziwa Taupo.

Ziwa hili, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 616, ndilo kubwa kuliko yote nchini humo. Limo ndani ya bonde lililofanywa na volkeno, na maji yake husifiwa kwa weupe wake. Katika karne ya 20 sehemu kubwa ya vichaka vilivyolizunguka iligeuzwa kuwa malisho ya ng'ombe na kondoo. Pamoja na malisho ikaja naitrojeni.

Je, naitrojeni hiyo hufikaje ziwani? Ng'ombe hula majani mengi, lakini mwili wake hutumia sehemu ndogo tu ya naitrojeni iliyomo. Iliyobaki hutoka, hasa katika mkojo, na kumwagika mahali padogo kwa wingi kuliko uwezo wa mizizi kuifyonza. Bakteria wa udongoni huigeuza kuwa naitreti. Kama tujuavyo, vitu vyenye chaji ya namna moja husukumana. Chembe nyingi za udongo zina chaji hasi, na naitreti vilevile. Kwa hiyo udongo hauwezi kuishika. Mvua huisomba hadi kwenye maji ya chini ya ardhi, na maji hayo huelekea ziwani polepole. Yafikapo, mwani hupata chakula na kustawi, na weupe wa maji hupungua.

Neno la kuzingatia hapa ni "polepole". Maji mengine ya chini ya ardhi hufika baada ya miaka michache, mengine baada ya makumi ya miaka. Maana yake ni kwamba, hata kama mifugo yote ingeondolewa leo, naitrojeni ya zamani ingeendelea kuingia ziwani. Lakini diwani huchaguliwa kwa miaka mitatu tu. Gharama ya kuzuia uchafu huonekana katika kipindi chake, na faida yake huonekana baada ya yeye kustaafu. Asiyefanya lolote hapati lawama, kwa sababu deni lake bado limo safarini chini ya ardhi.

Baraza la Mkoa wa Waikato lilichagua njia iliyo ngumu. Mwaka 2005 lilitangaza mapendekezo yake: kila shamba liwekewe kikomo cha naitrojeni kulingana na matumizi yake ya miaka iliyotangulia, na mkulima aruhusiwe kumwuzia mwenzake sehemu ya haki hiyo. Mashauri yalifika mahakamani. Chaguzi za 2007 na 2010 zilipita kabla kanuni hazijaanza kutumika rasmi mwaka 2011. Aidha, uliundwa mfuko wa dola za huko zipatazo milioni 80, uliochangiwa na Serikali Kuu, mkoa na wilaya, ili kupunguza naitrojeni itokayo mashambani kwa asilimia 20. Shabaha ni kuurudisha ubora wa maji ya ziwa katika hali ya mwaka 2001 ifikapo mwaka 2080.

Hata hivyo, sayansi haikumaliza suala la haki. Kikomo kilichofuata matumizi ya zamani kilimfaa aliyekwisha kufuga kwa wingi, na kikambana yule ambaye ardhi yake ilikuwa bado haijaendelezwa. Miongoni mwa walioumia kwa njia hiyo walikuwa Wamaori wa Ngāti Tūwharetoa, wenye ardhi kubwa kandokando ya ziwa. Vipimo vya maabara vyaweza kutuambia ziwa litavumilia tani ngapi. Haviwezi kutuambia nani azipunguze. Hilo ni la wapiga kura na wawakilishi wao.

Mnamo Novemba 2025 Serikali ya New Zealand ilipendekeza kuondoa nafasi za madiwani wa mikoa na kukabidhi kazi yao kwa bodi za mameya. Lolote litakaloamuliwa, naitreti iliyokwisha kuzama haitabadili mwendo wake. Tanzania Bara nayo husimamia maji kwa mabonde tisa, ingawa bodi zake hazichaguliwi kwa kura. Popote pale, yafaa mwananchi amwulize anayeomba madaraka juu ya maji: ameweka kikomo gani, nani atalipa, na nani ataendelea kupima yeye akiisha kuondoka? Mgombea asiye na jibu la swali la mwisho anazungumzia miaka mitatu tu.