Ua wa Mtura: Faida Yake na Hatari Yake

Ewe mkulima wa milimani, pengine boma lako limezungukwa na mtura, au umeukuta kando ya msitu ukafikiri kuupanda. Si fikira mbaya. Mti huu ni wa asili katika nyanda za juu. Wakikuyu huuita mutura, na wataalamu Solanum aculeastrum. Waweza kufikia kimo cha futi 15, majani yake ni meupe upande wa chini kama yaliyopakwa unga, na miiba yake imepinda mfano wa kucha za paka. Ng'ombe hapiti, nawe huhitaji fedha ya seng'enge.

Lakini tazama matunda yake. Yakiiva huwa ya manjano, mviringo, kama malimau madogo, nayo huanguka mahali pale pale wachezapo watoto na walalapo mbuzi. Yana sumu, mabichi na mabivu, wala sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Ni machungu mno, hata mtu mzima huyatema. Mtoto mdogo hana hekima hiyo. Aliyeyala huumwa na tumbo, hutapika na kuharisha, na akizidiwa huwa mzito wa akili kama mlevi. Usimtapishe kwa nguvu, wala usingoje kesho. Mpeleke hospitali mara moja, ukachukue na tunda moja ili daktari alione. Wako wazee watumiao matunda haya kutuliza jino linalouma. Hatuwadharau wazee, lakini dawa isiyo na kipimo asipewe mtoto.

Basi, ukiutaka ua huu, uweke mbali na mlango wa nyumba. Upunguze kwa panga maua yatokeapo, kabla matunda hayajakomaa. Yaliyoanguka yaokote, uyafukie katika shimo refu.

Tena, mtura ni jamaa ya viazi, nyanya na biringani. Kwa hiyo usiupande mpakani mwa shamba la viazi. Ugonjwa wa mnyauko, uangushao shina lingali bichi, hukaa udongoni na katika mimea ya porini ya jamaa hii, hata shamba likipumzishwa. Kata shina linalonyauka, utumbukize ncha yake katika gilasi ya maji safi: ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ndio ugonjwa wenyewe. Mpaka wa viazi panda kaiyaba, ambao miiba yake ni mikali vilevile, na tunda lake laliwa.